Siku tatu na beji ya wanahabari kwenye maonyesho ya magari, Lubumbashi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Juni. Asiyewahi kusimama nje hapa Lubumbashi saa hizo anadhani Kongo yote ni joto. Vidole vimekufa ganzi, pumzi inatoka kama moshi wa mbabula, lile jiko la makaa, na mimi nimesimama kwenye geti ambalo silo.

"Yaya, hii haiko mlango ya presse," mlinzi akaniambia bila kutoa mikono mfukoni (yaya kwetu ni ndugu mkubwa). "Ya presse njo ile ya nyuma, kule malori inapitia."

Nikazunguka ukuta mzima na begi mgongoni. Foleni ilikuwa imeshajipanga, na kufika mezani kulinichukua karibu nusu saa nzima ya ule muda tuliopewa sisi wa kamera. Siku ile sikujua nimepoteza nini. Siku ya tatu nilijua vizuri sana, na ndiyo sababu naandika haya: kama unataka kuomba beji ya namna hii, ujue kwamba thamani yake yote iko katika ile saa moja na nusu kabla umma haujaingia. Baada ya hapo ni kadi inayoning'inia shingoni.

Kazi yangu ya kila siku ni harusi, ubatizo na mikutano ya makampuni. Maonyesho yenyewe sitayataja jina. Yalikuwa makubwa, ya pikapu, malori na mitambo, maana mji wetu unaishi kwa shaba na gari linaloletwa kuonyeshwa hapa linaulizwa swali moja tu: barabara ya Kolwezi, kule migodini, litaiweza?

Beji haiuzwi. Akitokea mtu wa kukuuzia, mkimbie. Ila bure hiyo ina jasho lake. Niliomba majuma matano kabla, kwa fomu ya intaneti. Walitaka oda ya misheni, yaani barua ya kutumwa kazini, yenye muhuri kutoka kwa chombo kinachonituma, nakala ya kitambulisho (nilipeleka kadi ya mpiga kura, kama wengi wetu), picha ya paspoti, na kazi tatu zilizochapishwa zenye jina langu. Hapo penye jina ndipo nilipokwama. Picha zangu zimetumika mara nyingi kwenye tovuti moja ya habari ya hapa mjini, lakini chini yake kumeandikwa "Picha: maktaba". Maktaba ndiyo mimi! Jibu likarudi baada ya siku nne kwamba hawaoni ushahidi wowote kuwa nimewahi kuchapishwa. Ikabidi nimwendee mhariri, nimwombe kwa heshima zote, na jioni ile ile akarekebisha makala tatu za zamani akaweka jina. Nikaomba tena, nikapewa. Kwa hiyo wewe mpiga picha unayesoma hapa, dai jina lako chini ya picha leo, hata kama malipo ni kidogo. Siku ya kuomba beji hawatakuuliza ulilipwa ngapi.

Beji ilinipa nini? Kuingia saa moja na nusu wakati umma unaingia saa tatu. Meza ya wanahabari yenye chai, soketi nne za umeme na intaneti iliyotosha kutuma maandishi. Basi. Haikunipa ruhusa ya kupanda juu ya gari, hiyo anaitoa mwenye banda. Haikuniruhusu kusimamisha miguu mitatu ya kamera kwenye vijia baada ya saa tatu, na hapo nawapa haki, watu wangejikwaa. Na inaishia kwenye geti. Siku ya kwanza mchana nilitoka nje nipige msururu wa malori yanayoingia, na mtu mwenye sare akaja kuniuliza nani amenituma. Nikamwonyesha beji. Akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia: "Hii ni ya mule ndani, papa." Alikuwa na haki pia.

Wenzetu wa Paris, ambako maonyesho ya magari yalianza mwaka 1898, huwapa wanahabari siku yao nzima kabla ya milango kufunguliwa kwa wananchi. Sisi tulipewa dakika tisini. Zinatosha magari sita ukijua unachotafuta, na gari moja usipojua. Siku ya kwanza nilipiga moja.

Moja hilo lilikuwa Land Cruiser pikapu, ile ya familia ya 70 iliyoanza mwaka 1984 na mpaka leo ina uso wa babu yake. Pikapu za migodini ni nyeupe, zina taa ya rangi ya chungwa juu na kijibendera kwenye mti mrefu ili dereva wa dampa aione kabla hajaikanyaga. Hii ya maonyesho ilikuwa nyeusi, imepigwa nta, inang'aa kama kiatu cha bwana arusi. Ukisimama mbele yake na kamera unajiona mwenyewe kwenye mlango, unaona paa la hema kwenye boneti, na kioo cha mbele kimejaa taa za banda la jirani. Nilipiga picha arobaini za hema na koti langu.

Siku ya pili nilienda na polarizeri, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi ambacho kina pete ya kuzungusha. Nilikuwa navyo viwili. Kimoja nilikinunua mjini kwa dola ishirini, kingine niliazimwa na rafiki ambaye alikuwa amekinunua kwa zaidi ya mara nne ya bei hiyo. Vyote vina kipenyo cha milimita 77, kwa hiyo vinaingia kwenye lenzi zangu zote mbili, 24-105 na 17-40, na hiyo peke yake ni nafuu kubwa.

Namna kinavyofanya kazi, itazame kwenye boneti nyeusi. Unazungusha pete pole pole. Paa la hema lililokuwa limelala juu ya rangi linaanza kufifia, kama mvuke unaoondoka kwenye kioo cha bafu, kisha linatoweka na unabaki na rangi yenyewe, nyeusi, pamoja na zile chembe ndogo zinazometa ndani yake ambazo hukuziona kabla. Ukiendelea kuzungusha, paa linarudi. Kinafanya vizuri zaidi ukilitazama boneti kwa mshazari. Ukisimama wima juu yake hakifanyi lolote. Na kromu haisikii kabisa: bampa na nembo vitabaki na mng'ao wao hata uzungushe mpaka kesho, kwa sababu kioo hiki kinaua mng'ao wa rangi na wa kioo, wa chuma kitupu hakiwezi.

Kosa nililolifanya, na naliona kwa wengi, ni kuua mng'ao wote. Gari bila mng'ao linakufa, linakuwa kama mwanasesere wa plastiki. Umbo la gari tunalijua kwa mstari wa mwanga unaotembea begani kwake kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Siku hizi nazungusha mpaka uchafu uondoke, halafu narudi nyuma kidogo mpaka ule mstari uonekane. Jambo lingine la ajabu: vioo vya milango vilianza kuonyesha madoa ya zambarau na kijani kama mafuta juu ya maji. Nilidhani polarizeri ya bei rahisi imeharibika. Kumbe ndivyo kinavyoonekana kioo kilichokazwa kwa moto ukikitazama kwa polarizeri. Kioo cha mbele, ambacho ni tabaka mbili zilizogandishwa, hakikuwa nayo sana. Ukiyaona madoa hayo, zungusha kidogo au sogea hatua moja.

Bei yake nyingine ni mwanga. Picha niliyokuwa naipiga kwa 1/100 ya sekunde sasa ilitaka kama 1/30, au nipandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, kutoka 800 hadi 2500. Canon 6D yangu ni kamera ya mwaka 2012, lakini kwenye ISO 2500 bado haijanitia aibu. Iliponiaibisha ni kwingine. Skrini yake ya nyuma haikunjuki, kwa hiyo gari la kupigwa kutoka chini nililipiga nimelala kifudifudi juu ya zulia, na beji imenibana chini ya kifua. Na haina kinga dhidi ya taa zinazopepesa, kitu ambacho Canon walianza kukiweka kwenye 7D Mark II mwaka 2014. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa zile za hema zilikuwa zinapepesa mara mia kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona. Ukipiga 1/500 unapata mistari ya giza imelala juu ya picha. Dawa ni 1/100 au 1/50, basi. Siku ya pili saa nne umeme ukakatika, wakawasha groupe, yaani jenereta, na mashine ile ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Mistari ikarudi hata kwenye 1/100, hafifu lakini ipo. Nikashuka 1/50 nikaegemea nguzo.

Nusu ya picha zangu bora sikuzipiga kwa ujanja wowote wa vioo. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia kila mahali, na kila banda lilikuwa na mtu wa kulifuta. Kwenye banda la malori kulikuwa na mama mmoja mwenye kitambaa cha njano, anapangusa mlango wa lori jeupe kwa mkono mpana wa duara.

"Papa, ngoja kwanza nimalize. Usichukue foto na vumbi."

"Mama, ukubali, acha pale pale kidogo."

Akasimama, akanitazama kama nimechanganyikiwa. Mlango ulikuwa nusu mweupe na nusu mwekundu, na katikati njia ya kitambaa imejipinda kama upinde, na alama za vidole vinne mwishoni. Nikapiga mara tatu. Akacheka, akamaliza kufuta. Ile ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote. Tovuti iliyonituma haikuitaka; walichukua lori zima, safi, la kutoka mbele, kama la kwenye katalogi. Nao ndio wanaolipa.

Dampa la mgodini, daraja la tani tisini hivi kwa mzigo mmoja, nalo lina somo lake. Kwenye picha likiwa peke yake linaonekana kama lori la kawaida. Nikamwomba fundi mmoja asimame karibu na tairi bila kutabasamu, na tairi likampita kichwa mbali. Bila mtu pembeni usijisumbue.

Kuanzia saa tano hakuna nafasi tena. Gari linapendeza ukirudi nyuma na kulipiga kwa lenzi iliyovutwa hadi milimita 70 au 100. Ukilisogelea kwa 24, ile pana, pua yake inavimba kama imeumwa na nyuki. Lakini rudi nyuma wapi? Kila hatua ni bega la mtu, na kila mtu ana simu mkononi. Mchana nikaacha magari nikapiga nyuso: vijana wanaokaa kwenye viti vya madereva na kushika usukani kwa zamu, mzee mmoja aliyeinama kutazama chini ya pikapu na kugonga chasisi kwa kidole kama anachagua tikiti maji. Kazi hiyo haihitaji beji, tiketi tu.

Siku ya tatu nilifika geti la nyuma saa kumi na mbili kasoro robo. Mlinzi alikuwa yule yule, wamemhamishia huko. "Yaya, leo umejua njia." Nikawa wa kwanza kuingia, nikapiga magari saba, na kufikia saa tatu nilikuwa nakunywa chai. Jioni kutuma picha ishirini kwa intaneti ya meza ile ningezeeka. Nilinunua kifurushi cha simu, nikazipunguza ukubwa, zikaenda zote saa mbili usiku.

Nitaomba tena mwakani? Beji, ndiyo, na mapema zaidi. Polarizeri ya kuazima nimemrudishia mwenyewe na naanza kuchanga ya kwangu. Ile ya dola ishirini inatia rangi ya manjano juu ya magari meupe, na hapa magari mengi ni meupe. Tena siku ya tatu vumbi liliingia kwenye pete ikagoma kuzunguka, halafu ikagoma hata kufunguka kutoka kwenye lenzi. Nilijaribu kwa vidole, kwa kitambaa, kwa kuomba. Mwishowe kijana anayeziba baiskeli karibu na nyumbani akakata ukanda wa mpira wa ndani, akauzungushia, akapinda mara moja tu. Ikatoka na sauti ya mchanga. Aliniomba franga elfu mbili, nikampa tatu.