Mbaraka au Marijani?

Ukinilazimisha kuchagua kati ya wanamuziki hawa wawili wa dansi wa Tanzania, nitachukua muda. Mbaraka Mwinshehe alitunga, akaimba na kupiga gitaa la solo mwenyewe, kwanza na bendi ya Morogoro Jazz, kisha kuanzia 1973 na Super Volcano. Sikiliza "Shida": akinyamaza yeye, gitaa linapokea maneno, na sauti zake ni nyembamba, zimenyooka, kama mtu anayejieleza barazani. Mimi husubiri hapo hasa, mkono kwenye kitufe cha redio, nikiomba mtangazaji asikate wimbo katikati. Ajali ya gari ilimchukua Januari 1979, akiwa bado kijana.

Marijani Rajab, mtoto wa Kariakoo aliyepita bendi ya Safari Trippers na kuvumia Dar International, hanivuti kwa gitaa. Ni koo lake. Anapomwita Zuwena katika wimbo wa jina hilo, unaona mwanamume amesimama mlangoni, na ala zote zinampisha aseme. Kwa kisa na mashairi, Marijani namweka mbele bila kusita. Jina la Jabali la Muziki hakupewa bure.

Lakini Jumapili jioni, nguo zikiwa kambani na chai iko jikoni, mkono wangu huenda kwa Mbaraka.