Mwongozo wa kununua: kinachofaa dhidi ya aiptasia na polipu nyingine vamizi katika tangi la matumbawe

Mtu anayeingia dukani kutafuta dawa ya polipu vamizi, yaani viumbe laini vya baharini vyenye kinywa kilichozungukwa na mikono, huulizwa ukubwa wa tangi lake na fedha alizo nazo, ilhali swali la kwanza lilipaswa kuwa ni polipu ipi inayomsumbua. Aiptasia, ambayo ndiyo inayolalamikiwa zaidi, ni anemoni ndogo ya kahawia iliyofifia, karibu ipenyeze mwanga, yenye mikono mirefu na myembamba, na ikiguswa hunywea ndani ya tundu lake kwa kasi. Majano, anemoni wa aina nyingine, ni fupi na nene, na ncha za mikono yake zimevimba, mara nyingi zikiwa na rangi ya kijani au waridi. Kundi la tatu ni matumbawe laini ambayo mwenye tangi aliyanunua kwa hiari yake na risiti akapewa: xenia inayofumba na kufumbua mikono yake majini, polipu-nyota za kijani zinazotandaza utando wa zambarau juu ya mwamba, pamoja na zoanthidi na palithoa, polipu zinazoota kwa vikundi juu ya jiwe. Kinachoua kundi moja huenda kisiliguse jingine kabisa, na hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Vitu vinavyouzwa kwa kazi hii, viwe dawa au viumbe, nimevipanga kwa kigezo kimoja, nacho ni kile ambacho kila kimoja huacha nyuma yake kikishafanya kazi. Sababu ni maumbile ya aiptasia yenyewe. Kipande kidogo cha nyama kinachobanduka kwenye wayo wake hukua kikawa anemoni kamili, na kwa kuwa ndani ya mwili wake huishi mwani wadogo mno wanaoitengenezea chakula kwa mwanga, kuinyima chakula peke yake hakuiui. Kwa hiyo kibano, kisu na brashi, ambavyo ndivyo vitu mkono wa mtu huvikimbilia kwanza, huzidisha idadi badala ya kuipunguza.

Kwa mwenye polipu chache zinazofikika, nafasi ya kwanza naipa chokaa. Nazungumzia haidroksidi ya kalsiamu safi, ile ambayo wafugaji wa matumbawe huinunua ili kuongeza kalsiamu majini, ikikorogwa na maji kidogo hadi iwe nzito kama dawa ya meno, kisha ivutwe kwa bomba la sindano lenye sindano butu. Pampu zizimwe kwanza, ncha isogezwe taratibu hadi juu ya kinywa, na uji huo uachiliwe ufunike kinywa chote kabla anemoni haijanywea. Maji yaliyokolea chokaa hii yana pH (kipimo cha uchachu au ukali wa maji) inayokaribia 12.4, na huo ukali ndio unaounguza nyama ya polipu. Ndio pia unaomkataza mtu kutibu nyingi kwa siku moja, hasa katika tangi dogo, ambamo polipu tatu au nne kwa mkupuo zinatosha. Bidhaa zilizokwisha kutengenezwa, kama Aiptasia-X ya Red Sea, zina gharama kubwa zaidi kwa kazi ile ile, lakini hunata vizuri, hazitawanyiki majini kwa urahisi, na polipu huzimeza kana kwamba imepewa chakula. Ningemshauri anayeanza anunue chupa moja ya namna hiyo, inayokuja na bomba na sindano zake, kisha chupa ikiisha aendelee kutumia vifaa vile vile kwa chokaa ya kawaida. Aliyeko Mombasa au Unguja asishawishike na chokaa ya tanuu inayouzwa kwa wajenzi, ingawa nayo imetokana na matumbawe: huchanganyika na majivu na udongo, na usafi wake haupimwi kwa ajili ya viumbe hai.

Udhaifu wa chokaa ni kwamba haifiki pasipofikiwa na mkono. Aiptasia iliyojificha nyuma ya mwamba, ndani ya mabomba au katika tangi la chini la kuchujia maji itabaki, na vipande vyake vitasafiri na mkondo kurudi mbele. Polipu zinapozidi hesabu ya vidole vya mikono na miguu, mpangilio unabadilika, na Berghia stephanieae anapanda juu ya chokaa.

Huyu ni konokono wa baharini asiye na gamba, mwenye urefu wa sentimita 2 hadi 3, ambaye chakula chake ni aiptasia na si kingine. Hutembea usiku, huingia katika nyufa ambazo hakuna sindano itakayozifikia, na hula polipu pamoja na mabaki yake. Chembe zinazochoma za aiptasia hazimdhuru, bali huzihifadhi katika vinyweleo vya mgongoni mwake ziwe kinga yake mwenyewe. Kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike, hivyo wawili wowote waliokomaa wanaweza kutaga, na mayai yao huonekana kama uzi mweupe uliojisokota juu ya jiwe au kioo. Hiyo ndiyo sababu ya kuwanunua kwa kundi na kuwaachia wote mahali pamoja, karibu na aiptasia na mbali na mkondo mkali, usiku taa zikiwa zimezimwa. Anayewatawanya mmoja mmoja pembe zote za tangi, akidhani anagawa kazi, huenda anawanyima nafasi ya kukutana.

Bei yao si ndogo. Mmoja mara nyingi huuzwa kwa dola 15 hadi 30, na tangi la wastani huhitaji kadhaa. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mnunuzi na ahesabu maadui waliomo tangini mwake. Samaki wa jenasi ya Halichoeres huwadonoa, kaa wengi huwala, na kamba wa peperminti, ambaye tutamfikia sasa hivi, huwamaliza bila huruma, ingawa maduka hayaoni tabu kumuuzia mteja wote wawili siku moja. Mdomo wa pampu nao ufunikwe kwa sifongo. Muuzaji aulizwe kama wamezalishwa katika matangi, wana ukubwa gani, na walikula lini mara ya mwisho, kwa maana berghia aliyekaa na njaa siku nyingi hufika akiwa amekwisha. Majuma kadhaa ya mwanzo yatapita bila dalili yoyote, na wengi hukata tamaa hapo, kabla kizazi cha pili hakijaanza kula. Aiptasia zikiisha, hao nao hufa njaa, na ni uungwana kuwagawia mapema mfugaji mwingine mwenye shida ile ile. Majano hawaigusi, hivyo mwenye majano arudi kwenye chokaa.

Kamba wa peperminti anashika nafasi ya tatu. Ni wa bei nafuu, ni mgumu wa kufa, na hula aiptasia changa vizuri. Zile kubwa huzipita. Mmoja anaweza kuwa hodari na mwenzake wa duka lile lile asijali kabisa, hasa katika tangi ambalo samaki hulishwa kupita kiasi na makombo yamejaa. Wengine hupokonya chakula kinywani mwa matumbawe yenye nyama nene. Ugumu mkubwa uko kwenye utambuzi, kwa sababu jina hilo la biashara hubeba spishi kadhaa za Lysmata: L. boggessi na L. wurdemanni kutoka upande wa Marekani, na L. seticaudata wa Bahari ya Mediterania. Hao wote ni ndugu na hakuna hasara kubwa katika kuwachanganya. Hasara iko kwa Rhynchocinetes durbanensis, kamba mwenye nundu aliyepewa jina la Durban, ambaye huwekwa katika sanduku moja nao na ambaye hula polipu za matumbawe. Peperminti ana mwili unaopenyeza mwanga na mistari myembamba myekundu inayokwenda kwa urefu. Yule wa nundu ana mistari na madoa meupe juu ya wekundu ulioiva, pamoja na macho makubwa. Kama duka lina taa hafifu, mnunuzi aombe kurunzi.

Samaki nawaweka nafasi ya nne, kwa masharti. Acreichthys tomentosus, samaki mdogo wa ukoo ulio karibu na kikande, hula aiptasia kwa bidii na siku hizi hupatikana akiwa amezalishwa katika matangi, lakini baadhi yao huonja zoanthidi na matumbawe yenye nyama. Chelmon rostratus, kitatange mwenye mistari ya rangi ya shaba na mdomo mrefu, ni mzuri wa kutazama na ndiye anayevunja mioyo zaidi: hufikia sentimita 20, huhitaji tangi kubwa lililokwisha kukomaa, na wengi hukataa chakula hadi wakafa. Sioni uhalali wa kumnunua kiumbe huyo kama kifaa cha kusafishia. Asinunuliwe hata mmoja wa hao wawili kabla muuzaji hajamlisha mbele ya mnunuzi. Kitatange Chaetodon lunula, anayepatikana pia katika miamba ya Afrika Mashariki, hula aiptasia kisha akageukia matumbawe, kwa hiyo anafaa kwa tangi la samaki watupu.

Vijiti vya umeme na leza viko mwisho wa orodha hii. Vijiti huchoma polipu inayoonekana, kwa bei kubwa kuliko chokaa na kwa matokeo yasiyoizidi. Leza zenye nguvu zinaweza kupofusha jicho kwa mwanga unaorudishwa na kioo.

Kuhusu matumbawe laini, hakuna mnyama wa kununua ambaye ningemwamini. Fedha ziende kwenye patasi, gundi nzito ya sianoakrileti na udongo wa epoksi. Utando wa polipu-nyota hubanduliwa kwa mkono, na mizizi iliyobaki hufunikwa kwa epoksi ili ikose mwanga. Xenia hutolewa pamoja na gamba la jiwe iliposhika, kwa kuwa kila ukucha wa nyama unaobaki huota tena. Dawa ya minyoo ya mbwa, fenbendazoli, husifiwa kwa kuziua, na kweli huziua, lakini huua pia konokono na huganda katika mawe kwa muda mrefu.

Zoanthidi na palithoa zinahitaji manunuzi ya aina nyingine: glavu ndefu, miwani ya kinga na kaboni ya kuchujia maji. Baadhi yake zina palitoksini, sumu iliyotenganishwa mwaka 1971 kutokana na palithoa wa Hawaii, mojawapo ya sumu kali zaidi zinazotoka kwa viumbe. Huko Anchorage, Alaska, maofisa wa afya walichunguza matukio ya kati ya 2012 na 2014 ya watu walioshukiwa kuivuta hewani, dukani na majumbani. Jiwe lenye polipu hizo lisichemshwe kamwe, lisimwagiwe maji ya moto wala lisisuguliwe kwa brashi likiwa kavu. Likatwe au lifunikwe gundi likiwa ndani ya maji, au litolewe zima na kutupwa likiwa limefungwa katika mfuko.

Kwa atakayenunua tumbawe jipya wakati vita hivi vinaendelea, amwombe muuzaji alibandue kwenye kibonge chake, yaani kitako kidogo kilichoshikilia tumbawe, naye akalibandike nyumbani kwenye kibonge kipya. Aiptasia nyingi hufika zikiwa zimejificha chini ya kibonge hicho, na dawa za kuchovyea zinazouzwa kwa ajili ya wadudu wa matumbawe mara nyingi haziziui.