Uzoefu wangu: miezi saba na krenki fupi za milimita 152

Nina umri wa miaka 67 na kimo cha sentimita 162. Tangu nistaafu ualimu, karibu kila siku ninakwenda kwa baiskeli kutoka Pasua hadi Shanty Town hapa Moshi, safari ambayo kwenda ni kupanda na kurudi ni kuteremka. Baiskeli yangu ni ya gia, ya mtumba, na kwa miaka mingi sikuwa na la kuilalamikia. Mwaka jana goti la kulia lilianza kunichoma kila pedeli ilipofika juu kabisa. Hospitalini niliambiwa kwamba gegedu limechakaa, kwamba nisiache kuendesha, ila nisilikunje goti kwa nguvu kupita pale maumivu yanapoanzia. Nilihangaika na siti kwa wiki kadhaa bila mafanikio: nikiipandisha, goti lilipata nafuu pedeli ikiwa juu, lakini pedeli ikishuka mguu ulinyooka mno na nyonga zikawa zinayumba huku na huku.

Fundi wangu ndiye aliyeutambua ugonjwa. "Mwalimu, siti haina kosa," aliniambia, "krenki hizi ni ndefu kwako." Alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akapangusa grisi upande wa ndani wa krenki, yaani ule mkono wa chuma unaobeba pedeli, karibu na tundu la pedeli, na namba ikajitokeza: 175. Ni urefu kwa milimita, kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya pedeli. Nilikuwa nimeendesha baiskeli hiyo miaka tisa bila kujua kwamba namba hiyo ipo.

Duka la kwanza nililokwenda liliniuzia krenki nilizoambiwa ni fupi. Nilipofika nyumbani na kuzigeuza nikakuta 170, na pesa sikurudishiwa. Kwa hiyo ninamsihi kila mzee mwenzangu aisome namba kwa macho yake kabla ya kulipa. Krenki zilizonifaa tulizipata kwenye baiskeli chakavu ya mtoto yenye magurudumu ya inchi 24. Ni za chuma, tundu lake la ekseli ni la pembe nne kama la zile za zamani, zimeandikwa 152, na zilinigharimu shilingi 18,000 pamoja na kazi ya fundi. Kuzing'oa zile za zamani kulihitaji pula, kifaa cha kuzivuta zitoke kwenye ekseli, na pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume na mazoea; asiyelijua hilo huharibu nyuzi zake.

Wiki ya kwanza nilikosea kwa kuiacha siti palepale, nikaumwa mbele ya goti, kwa sababu sasa mguu haukunyooka vya kutosha pedeli ikiwa chini. Krenki zilipungua milimita 23, kwa hiyo siti ilipaswa kupanda milimita hizo hizo 23, na hapo ndipo faida yote ilipojitokeza. Chini mguu unanyooka kama zamani, lakini juu pedeli imeshuka milimita 23 na nyonga zimepanda 23, yaani goti limepewa nafasi ya milimita 46, karibu sentimita tano. Siku tuliyoirekebisha nilipanda hadi mwisho wa safari nikiwa ninausubiri ule mchomo, na haukuja. Tulipandisha usukani pia, kwa sababu siti ikipanda peke yake mtu huinama zaidi na mgongo hulipa gharama hiyo.

Niliogopa kwamba nitapoteza nguvu. Mwaka 2001 watafiti Jim Martin na Waneen Spirduso walichapisha jaribio la krenki za milimita 120 hadi 220, na nguvu ya juu kabisa kwa zile fupi na ndefu kupita zote ilikuwa pungufu ya ile ya krenki zilizofanya vizuri zaidi, za 145 na 170, kwa kama asilimia 4 tu. Waliojaribiwa walikuwa waendeshaji wenye mazoezi, si wastaafu, lakini kwangu pia ndivyo ilivyokuwa. Kinachobadilika ni uzito unaousikia mguuni: kwa gia ile ile, pedeli ya 152 hutaka msukumo uliozidi wa 175 kwa takriban asilimia 15. Dawa yake ni kushuka gia moja na kuzungusha haraka zaidi. Mwenye baiskeli isiyo na gia, anayeishi kwenye milima, afikiri vizuri kabla ya kupunguza kiasi hiki.

Kasoro moja ni ya kweli na kwa mzee si ndogo. Siti imepanda ilhali ardhi iko palepale, hivyo nikisimama siwezi tena kukanyaga chini nikiwa nimekaa. Ni lazima niteleze mbele na kushuka kwenye siti kwanza. Nilijizoeza hilo uwanjani kabla ya kuingia barabarani penye bodaboda.

Rafiki yangu mwenye kimo cha sentimita 180 alizijaribu krenki hizi akaona miguu inazunguka kama ya mtoto. Yeye tulimtafutia za 165, na zimemtosha. Goti langu bado linauma kwenye ngazi, hasa asubuhi. Kwenye baiskeli haliumi.