Kukata kioo chembamba Mombasa: leza ipi ununue, na je, waihitaji?

Mafundi wa fremu, wa matangi ya samaki na wa mapambo ya harusi hapa mjini wanaziulizia sana mashine za leza. Nimezipanga nikimfikiria mtu anayekata kioo cha milimita 1 hadi 3, kazi ndogo ndogo, si mwenye kiwanda.

Nambari moja si leza. Ni kikatio cha mkono chenye gurudumu la kabaidi, kile kinachotiwa mafuta ndani ya mpini. Kwa mstari ulionyooka hakina mpinzani: wakwaruza mara moja tu, kisha wavunja. Bei ni mia kadhaa za shilingi, na stima ikipotea kazi yaendelea. Litikise gurudumu kwa kidole kabla hujalipa, likicheza, kirudishe.

Ya pili ni leza ya kaboni dayoksaidi ya wati 40 hadi 60, na hapa ndipo wauzaji wanapotia chumvi. Mwale wake una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, ambao kioo huufyonza palepale juu. Kwa hiyo huchora majina vizuri sana. Kukata ni habari nyingine. Kioo cha dirishani kikipashwa moto sehemu moja hutanuka hapo tu, kikapasuka kitakavyo chenyewe. Viwandani ufa huo huongozwa: mwale hupasha mstari, nyuma yake hufuata hewa au ukungu wa maji unaoupoza ghafla, na ufa hufuata njia hiyo. Mashine za bei ya chini kwa kawaida hazina kipoozo hicho. Muuzaji akiapa kwamba yake yakata kioo, mpe kipande ulichokuja nacho, akikate mbele yako. Mimi ningeinunua tu ikiwa nakata pia plaiwudi na akriliki.

Na joto letu lisahauliwe? Mrija wa leza hii, ule utoao mwale, hupozwa kwa maji, na ndoo ya maji mwezi wa Machi hupata moto upesi. Nunua mashine ya kupoza maji pamoja nayo, ila usiyateremshe yakawa baridi mno: unyevu wa pwani hufanya umande juu ya mrija, na hapo pana umeme wa maelfu ya volti. Maji ya kisima, yenye chumvi, usiyatie kabisa. Tia yale ya kuongezea betri ya gari (maji, si asidi).

Leza za pikosekunde, zitoazo mwanga kwa mapigo mafupi mno, ndizo zikatazo kioo cha simu viwandani, zikikata safi hata mistari iliyopinda. Bei yake si ya karakana; tuendelee.

Ya mwisho ni leza ya daiodi ya buluu, nanomita 450, ile ndogo inayouzwa sana mtandaoni. Mwanga wake hupenya kioo cheupe bila kukifanya lolote. Ukikipaka rangi nyeusi utachora, lakini kukata, sahau.

Kioo kilichoimarishwa kwa moto, kama cha mlango wa bafu, usikijaribu kwa chochote kati ya hivi: chote hugeuka punje. Na miwani ya kinga huendana na leza yake. Ya nanomita 450 usiitegemee kwenye mashine ya mikromita 10.6.