Boss RE-2: pedali ya mwangwi nnayorekodia albamu yangu ya rege chumbani

Asalam aleikum jamani, karibuni tena chumbani kwangu hapa Mwanakwerekwe, feni nimeizima maana maiki inaisikia feni kuliko inavyonisikia mie, kwa hiyo mkiniona natoka jasho mjue sababu.

Hii ndo Boss RE-2 mlokuwa mkiniuliza kwenye komenti, kisanduku unachopitishia sauti ikarudi na mwangwi. Mambo ya volti na soketi naruka, mnayajua. Mie nataka niwaoneshe nobu moja tu, hii hapa, Intensity, ndo inayoamua mwangwi ujirudie mara ngapi.

Sikilizeni. Snea, ile dramu ya mlio mkali, kavu bila mwangwi: tak. Wimbo unakwenda mapigo 75 kwa dakika, kwa hiyo pigo moja ni milisekunde 800, mwangwi nimeuweka 600, robo tatu ya pigo, basi hauiangukii dramu kichwani, unapita ubavuni. Tak... ta... ta. Sasa nazungusha kulia pole pole, mmesikia? Haufi tena, unajilisha wenyewe, unapanda, unapanda, mpaka unakuwa kama honi ya boti inayoingia bandarini Malindi hapa Unguja, na kabla spika haijapasuka narudisha. Hebu tena, na sasa naigusa na Repeat Rate, nobu ya kasi ya mwangwi, aaah, sauti inazama kama redio kaseti iloishiwa betri! Wallahi naweza kukaa hapa mpaka magharibi.

Maana hii imeiga mashine ya mwangwi ya Roland RE-201 ya 1974, ile ya utepe wa kweli unaozunguka ndani, na mafundi wa dub, rege iliyopunguzwa uimbaji ikajazwa mwangwi, kule Jamaika walikuwa wanaupiga mwangwi kwa mkono kama unavyopiga gitaa. Ndo maana siwaelewi watu wanaosema rege na post-punk, ile roki iliyozaliwa baada ya punk, haviendi pamoja, wakati 1979 The Slits, bendi ya post-punk ya Uingereza, walimchukua Dennis Bovell, mtu wa rege, mzaliwa wa Barbados, akawatengenezea albamu yao ya kwanza. Besi mbele, gitaa jembamba linakwaruza, katikati pako wazi, mwangwi unapita. Na mie sina mwimbaji, kwa hiyo huu ndo mwimbaji wangu.

Riverbu yake, ule mvumo kama wa ukumbi mkubwa, sikuipenda, nlishawaambia laivu ya juzi. Lakini jana nimeitia kwenye gitaa kidogo tu, aa, nimebadili mawazo.

Bei imeniuma, nimeuza kibodi yangu. Zipo za rahisi, ila nyingi zina menyu ndani ya menyu, mkono unakosa pa kushika. Na adapta msinunue ya ovyo, mie niliyonunua mwanzo ilivuma mmmm kwenye kila treki, nyimbo mbili nimezirekodi upya.

Albamu imefika nyimbo sita kati ya nane, video ijayo ni besi, subskraibu msikose.

Kabla sijaondoka, sikilizeni hii. Wimbo wa nne, mwangwi nimeupandisha juu kabisa, umeme ukakatika. Laptopu ina betri ikaendelea kurekodi, pedali ikazima pale pale. Hapa... hapa... sasa. Mnasikia kimya kile, na besi peke yake? Nimeiacha hivyo hivyo.