Uzoefu wangu: leza ya intaneti kati ya Nguba na Muhumba

Kifaa hiki, kinachorusha intaneti hewani kwa mwanga wa leza, nimekipenda, na ningekinunua tena. Ila kama njia ya mwanga wako inakatiza maji, usikitegemee peke yake.

Nina duka la intaneti hapa Nguba, Bukavu. Studio ya kaka yangu iko Muhumba, ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Kivu, chini ya kilomita moja. Tulifunga vichwa viwili vya leza nyekundu ya nanomita 650, kila paa kimoja. Hakuna kuvuta kebo wala kugombania masafa ya redio na majirani, maana Wi-Fi ya mtaa huu imejaa pomoni.

Wote wanaokiona huuliza habari ya mvua. Jamani, mvua inavumilika! Hata ile ya Aprili inayopiga mabati mpaka hamsikilizani, kasi hupungua tu. Kinachokata mawasiliano ni ukungu. Tone la mvua hufika milimita nzima, na matone yenyewe yameachana. Vitone vya ukungu ni vya mikromita chache tu (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), vimejaa hewani, na udogo huo ndio unaotawanya mwanga kila upande. Asubuhi ukungu ukipanda kutoka ziwani, mwale wenyewe unaonekana umenyooka hewani kama kamba nyekundu. Wageni husifia. Mimi huumia, kwa sababu mwanga ninaouona nikiwa pembeni umeshapotea njiani, haufiki Muhumba. Taa ya kipokezi inazimika mpaka jua lipasue.

Mchana wa kiangazi joto la mabati huitikisa hewa, na doa la mwanga linachezacheza kwenye lenzi. Tulipoinua mlingoti juu zaidi ya paa, hali ikawa nafuu sana.

Kilichonipa moyo ni mradi wa Taara, ambao wakati huo ulikuwa wa Alphabet, kampuni mama ya Google. Mwaka 2021 ulivusha intaneti juu ya mto Kongo, Brazzaville hadi Kinshasa, karibu kilomita 5, kwa mwanga usioonekana: terabaiti karibu 700 ndani ya siku 20. Mitambo yao hujilenga yenyewe. Hiki changu nakilenga kwa mkono, na upepo ukisukuma mlingoti narudi juu ya paa.

Sasa tumeongeza antena ndogo ya redio, kwa sababu mawimbi yake ni marefu na ukungu hauyasumbui. Leza ikikatika, ruta inahamia huko yenyewe. Ni polepole, lakini wanafunzi wa asubuhi wanatuma fomu zao. Kwa nyumba mbili za Kadutu, hapa hapa Bukavu, zinazoonana kwa mita mia mbili, leza peke yake ningeijaribu. Kuvuka ghuba, weka na antena kwenye bajeti tangu mwanzo.