Matairi kwanza, rimu baadaye: nini cha kununulia gari la spoti

Kama mfuko wako unatosha kitu kimoja tu, nunua matairi na uziache rimu ulizonazo. Wengi huanza na rimu kubwa zinazong'aa, fedha ikiisha wanazivalisha tairi la bei ya chini wasilolijua hata jina. Gari zima linashika lami kwa sehemu nne tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja. Nguvu ya injini, breki na kila unachouamuru usukani hupitia hapo. Rimu haigusi barabara. Mpangilio wangu ufuatao unaanzia kwenye ukweli huo.

Nafasi ya kwanza naipa seti ya matairi ya spoti ya barabarani, juu ya rimu za kiwandani. Michelin Pilot Sport 4S, Continental SportContact 7 na Goodyear Eagle F1 Asymmetric 6 ziko kwenye kundi hili. Mpira wake ni laini kuliko wa tairi la kawaida, ubavu wake ni mgumu zaidi, na mitaro yake bado inatoa maji vizuri mvua ikinyesha. Ukiyafunga utahisi tofauti kwenye breki na kona ya kwanza, jambo ambalo rimu mpya peke yake haikupi. Hasara ni kwamba yanaisha mapema kuliko matairi ya safari, na mpira huu hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Anayeishi penye barafu awe na seti nyingine ya msimu wa baridi.

Ya pili ni kuongeza rimu nyepesi, za kipenyo kilekile au inchi moja zaidi. Tafuta zile za aloi iliyomiminwa kwenye kalibu, kisha ukingo wake ukavutwa kwa roli ikiwa bado na joto. Ukingo huo unakuwa mwembamba na imara kuliko wa rimu iliyomiminwa tu, na bei yake bado haijafika mbali. Uzito wa gurudumu ni mzigo usiobebwa na springi. Ukiupunguza, shokapu inapata nafuu ya kulirudisha tairi chini baada ya tuta, na injini inapata kitu chepesi cha kuzungusha.

Kuhusu ukubwa, chukua gari linalovaa 205/55R16: 205 ni upana wa tairi kwa milimita, 55 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 16 ni inchi za rimu. Ubavu wa tairi lake una kimo cha milimita 113 hivi, na kipenyo chote ni 632. Ukipanda hadi 225/45R17, ubavu unashuka hadi 101 na kipenyo kinakuwa 634. Kwa 225/40R18 ubavu ni 90 na kipenyo 637. Kwa hiyo kipimo cha spidi hakidanganyi kwa kiasi cha kukusumbua. Unachopoteza ni ule mpira unaoikinga rimu na shimo. Inchi 17 au 18 kwa gari kama hili zinaleta usukani unaojibu upesi bila kukuvunja mgongo. Ukifika 225/35R19, ubavu unabaki milimita 79, na hapo shimo moja lenye kingo kali linaweza kupinda rimu na kupasua tairi kwa pamoja. Mimi sifiki huko.

Nafasi ya tatu ni rimu za kufuliwa, yaani aloi iliyoshindiliwa kwa mashine yenye nguvu kubwa badala ya kumiminwa. Hakuna aloi inayozishinda kwa wepesi na uimara vikiwekwa pamoja. Volk Racing TE37 ya kampuni ya Rays, iliyotoka mwaka 1996, ilipata jina lake kutokana na uzito wa kilo 3.7 za rimu ya inchi 15. Nimezishusha hadi hapa kwa sababu ya bei tu. Anayekwenda kwenye uwanja wa mbio mara kwa mara ana haki ya kuzipandisha.

Nne ni matairi ya uwanjani yanayoruhusiwa barabarani, kama Yokohama Advan Neova AD09 au Bridgestone Potenza RE-71RS. Kwenye lami kavu iliyopata joto yananata ajabu. Lakini yana kelele, yanaisha haraka, na maji yakituama barabarani hayana raha. Kwa gari la kwendea kazini kila siku, yaache.

Mwisho kabisa ni rimu za kuiga na zile zilizotumika zisizojulikana zilikotoka. Rimu nyingi za Japani zina alama ya JWL, yaani kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na zilizopimwa na chombo huru zina VIA. Alama inaweza kughushiwa, kwa hiyo nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia. Ya mitumba izungushe kwenye mashine ya balansi, ukague upande wa ndani kama imepinda au kuchomelewa. Iliyochomelewa usiiguse, hata ukipewa bure.

Sasa suala la kuingia, ambalo ndilo linalowaumiza wanunuzi. PCD ni idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara lao kwa milimita; ya 5x114.3 haiingii gari la 5x100, hilo linaonekana mara moja. Yanayofichika ni matatu. Tundu la katikati likizidi kitovu cha gari, weka pete ya kujazia, la sivyo usukani unaweza kutetemeka. Nati nazo zina vikalio (sehemu inayogusa rimu) tofauti: za Honda za kiwandani zina kikalio cha mviringo kama tufe, na rimu nyingi za dukani zinataka cha koni. Nati isiyokaa sawasawa hulegea. Kisha ofseti, yaani umbali wa milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye kitovu, unaoandikwa ET: ukitoka rimu ya upana wa inchi 7.5 yenye ET45 ukaenda 8.5 yenye ET35, ukingo wa nje unasogea milimita 23 kuelekea fenda, na wa ndani unasogea karibu 3 kuelekea shokapu. Pima kabla ya kulipa.

Kwenye tairi lenyewe soma 91W au chochote kilichoandikwa: 91 ni mzigo wa juu wa kilo 615 kwa tairi moja, W ni spidi ya juu ya kilomita 270 kwa saa. Namba ya mzigo isishuke chini ya ile ya kiwandani. Tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni, zinaonyesha lini tairi lilitengenezwa; mfano 2323, ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne lipewe matairi manne yanayolingana, maana tofauti ya kipenyo inachosha difu, gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu.

Yakishafungwa, jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, na kama umebadili saizi, uliza kiwango kinacholinda mzigo uleule. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, halafu zikaguliwe tena ukishatembea kilomita 50 hadi 100.